Unataka masta ya forensiki? Soma hii kabla hujalipa ada ya maombi

Kila mwaka matokeo ya vyuo yakitoka napata meseji zile zile, "kaka nimemaliza kemia, nataka nisome forensiki, nianzie wapi" (forensiki yani sayansi ya kupima ushahidi wa kesi), nikimuuliza forensiki ipi ananijibu ile ya kuchunguza mauaji. Haya, hapo ndo pa kuanzia, maana hakuna anayeajiriwa kuwa mtu wa forensiki tu, unaajiriwa kwa meza moja. Kuna meza ya vinasaba (DNA), ya sumu na dawa za kulevya, ya alama za vidole, ya mwandiko na nyaraka, ya silaha na risasi, ya simu na kompyuta. Na hazikai jengo moja. Hapa Tanzania vinasaba, sumu na unga ni kazi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, vidole na nyaraka na risasi utavikuta polisi, kwa hiyo ukisema unapenda risasi jua kabisa unaongelea depo na kwata. Kupasua maiti ni daktari, usome udaktari kwanza alafu patholojia, hakuna njia ya mkato hapo.

Ukishachagua meza toa transkripti yako uisome kama vile ni ya mtu mwingine. Chukulia viwango vya FBI, wapelelezi wa serikali kuu, kwa maabara za DNA kule Marekani, mchambuzi lazima awe amesoma baiokemia, jenetiki na baiolojia ya molekuli, na takwimu pia. Wewe una kemia tupu, masta ya chuo chenye jina kubwa haitaziba hilo pengo, bora utafute hizo kozi mapema hata kama ni mojamoja. Na takwimu usizikimbie jamani, najua wengi mlizikimbia. Majibu ya DNA yanasomwa kwa uwezekano, siku moja wakili atakuuliza "kwa hiyo unaiambia mahakama duniani hakuna mwingine mwenye haya majibu?" na hapo usipojua hesabu yako umekwisha.

Vyuo sasa. Uingereza masta ni mwaka 1, Strathclyde ya Glasgow wanafundisha hii kitu tangu miaka ya 1960, ukiangalia chuo kingine kule uliza kama kozi imepitishwa na Chartered Society of Forensic Sciences, chama cha wanaforensiki kule. Marekani mara nyingi ni miaka 2 na muhuri wa kuutafuta, wa kuonyesha kozi imeidhinishwa, unaitwa FEPAC, ila usisahau FBI wanaajiri raia wao tu, usiende na ndoto hiyo. Cape Town wana masta ya forensiki ya kibayolojia na tiba. Na kuna hii ambayo watu wengi hawaijui, chuo cha forensiki cha India, NFSU, kilifungua tawi Jinja Uganda mwaka 2023, yani basi tu unafika. Skolashipu ya Chevening, ya serikali ya Uingereza, wanataka uzoefu wa kazi wa miaka 2 (wanahesabu masaa 2,800) alafu ukimaliza urudi nyumbani walau miaka 2, kwa hiyo kama umemaliza chuo juzi usipoteze muda nayo mwaka huu, tafuta kazi ya maabara yoyote kwanza, hata ya maji.

Mada ya tasnifu chagua yenye shida ya kwetu. Shakahola pale Kenya, kwenye makaburi ya wafuasi wa dhehebu la kufunga mpaka kufa, walianza kufukua Aprili 2023, miili ikazidi 400, mingi imeharibika, ikabidi DNA ilinganishwe na ya ndugu, familia za kwanza zikakabidhiwa miili Machi 2024. Karibu mwaka mzima! Ukienda na swali la kutoa DNA kwenye mfupa uliokaa kwenye udongo wa joto, msimamizi atakusikiliza kuliko ukisema unapenda sayansi tangu utotoni.

Ila kitu ambacho ningekulazimisha ufanye kabla ya vyote ni kusoma hukumu. Ni bure, ziko TanzLII na Kenya Law, tovuti za hukumu za Tanzania na Kenya. Anza na Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, ndo kesi inayotajwa kila mara ikija habari ya mnyororo wa utunzaji wa vielelezo, yani maandishi ya kuonyesha nani alikamata kitu, akampa nani, lini, kikapimwa wapi, mpaka kikafika mahakamani. Kisha chukua hukumu nyingine kama kumi, kila moja chora jedwali lako, kielelezo kilikuwa kwa nani na saini iko wapi, utaanza kuona mashimo. Mashine zilikuwa sawa, kipimo sawa, kesi imekufa kwa bahasha.

Mimi yalinikuta chuoni kwenye mahakama ya mazoezi. Tarehe kwenye lakiri ya bahasha na tarehe kwenye daftari langu zilipishana siku moja, basi nikahojiwa hiyo tu, dakika ishirini, DNA yangu nzuri hakuna aliyeiuliza. Tangu hapo naandika kwa peni, nikikosea napiga mstari mmoja naweka saini, wino mweupe wa kufutia sigusi. Nguo yenye damu mbichi inakaushwa inawekwa kwenye mfuko wa karatasi, ukiiweka kwenye nailoni inaota ukungu, na kila nguo na mfuko wake.

Ukirudi na cheti cha nje kipeleke TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kitambuliwe kabla nafasi haijatangazwa Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, usisubiri tangazo ndo ukimbizane. Kabla ya intavyuu soma ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara, wanaipenda sana. Na kama una mwaka wa kusubiri omba field maabara, wakikuweka dirisha la kupokea sampuli usinune, mimi wiki mbili za kwanza nilikuwa nagonga namba kwenye bahasha tu na kumrudisha afande aliyeleta kielelezo bila fomu.