Ushuru wa mgeni anayelala: kaunti ianzie wapi, itoze vipi

Somo hili ni la maafisa wa mapato, wawakilishi wadi na wenye hoteli wa Kisumu, Nakuru na kaunti jirani. Jina "ushuru wa watalii" linapotosha, kwa kuwa kaunti haimwoni mtalii. Inaona kitanda kilicholaliwa au lango lililopitwa. Toza kile unachoweza kuhesabu.

Hatua ya 1: Amua kama ni kodi au ada

Usiandike kiwango chochote kabla ya kusoma kifungu cha 209 cha Katiba. Kaunti imepewa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na kodi nyingine ambayo sheria ya Bunge imeiruhusu. Inaweza pia kutoza ada kwa huduma inazotoa yenyewe. Kodi ya kitanda haimo katika zile mbili za kwanza. Ni kweli Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti utalii wa ndani, lakini kupewa kazi si kupewa kodi.

Njia zilizobaki ni mbili: kutafuta sheria ya Bunge, au kutoza ada inayolipia huduma inayoonekana, kama vile taa za ufuoni, vyoo, uzoaji taka na mashua ya uokoaji. Ukichagua ada, orodhesha huduma na gharama zake ndani ya mswada. Kubadilisha jina pekee hakutakuokoa mahakamani.

Angalia pia lango ni la nani. Mbuga ya Ziwa Nakuru na hifadhi ya Impala pale Kisumu ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na eneo la kale la Hyrax Hill kule Nakuru liko chini ya Makumbusho ya Taifa. Hifadhi ya Maasai Mara ni tofauti: inasimamiwa na Kaunti ya Narok, ndiyo maana Narok hupanga bei zake.

Hatua ya 2: Hesabu usiku, si wageni

Chukua hoteli ya vyumba 40 inayojaza nusu ya vyumba kwa siku 30. Hizo ni nyusiku 600 za chumba. Ikiwa kila chumba hulala wastani wa watu 1.5, ni nyusiku 900 za mtu. Shilingi 100 kwa chumba ni 60,000 kwa mwezi. Kwa mtu ni 90,000. Sisi tunapendelea chumba: mapokezi huuza vyumba na kitabu chao kimepangwa hivyo. Ukihesabu watu, mgeni wa pili hatoandikwa.

Hatua ya 3: Chagua kiwango

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo maskini huumia.

Kiasi kimoja kwa wote ni rahisi kukusanya lakini hakina haki. Shilingi 100 kwa chumba cha 12,000 haifiki asilimia moja. Kwa lojing'i ya 800 pale Kondele, Kisumu, ni asilimia 12.5, kiwango kilekile ambacho Amsterdam inatoza tangu 2024, tena juu ya bei za Ulaya.

Asilimia ni ya haki zaidi: kwa 3%, yule wa lojing'i analipa 24 na yule wa hoteli 360. Kasoro yake ni bei iliyochanganywa. Ukitoza kitanda pekee, chumba cha 12,000 pamoja na kiamshakinywa kitageuka kwenye karatasi kuwa kitanda cha 6,000 na chai ya 6,000. Sheria iseme wazi: panapokosekana bei ya chakula inayouzwa kivyake kwa mtu wa nje, sehemu fulani ya bei yote, tuseme robo tatu, itahesabiwa kuwa ya malazi.

Njia ya kati ni madaraja: kwa mfano shilingi 30 kwa chumba cha chini ya 2,000, shilingi 100 kwa cha kati ya 2,000 na 8,000, na shilingi 250 kwa cha zaidi ya hapo. Wengine watashusha bei hadi 1,999 ili wakwepe. Hasara hiyo ni ndogo kuliko vita vya kukagua kila risiti.

Weka kikomo cha nyusiku pia. Edinburgh, ambayo imeidhinisha 5% kuanzia 24 Julai 2026, haitozi zaidi ya nyusiku tano mfululizo. Fundi wa barabara anayelala Ahero miezi miwili si mtalii.

Hatua ya 4: Misamaha

Iwe michache, na kila mmoja uwe na karatasi ambayo mtu wa mapokezi anaweza kuiona, kama barua ya rufaa ya hospitali. Msamaha usio na karatasi huwa mlango wa kupitishia wote. Kifungu cha 210 cha Katiba kinataka kila msamaha uwekewe rekodi ya umma pamoja na sababu yake.

Hatua ya 5: Ukusanyaji

Hoteli iwe wakala. Fomu ya mwezi iwe ya ukurasa mmoja: vyumba vilivyopo, nyusiku zilizouzwa, zilizosamehewa, jumla, na namba ya muamala wa M-Pesa au benki. Tumia tarehe 20, ambayo wahasibu tayari wanaijua kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Pesa taslimu isipite mkononi mwa askari wa kaunti hata mara moja. Ukishuku idadi, linganisha na hesabu ya mashuka yaliyofuliwa. Shuka ni vigumu kulificha kuliko jina kitabuni.

Hatua ya 6: Mfuko na tarehe

Mapato huingia Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Ukitaka yatumike kwa huduma za wageni pekee, anzisha mfuko maalum chini ya kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, 2012, kwa idhini ya bunge la kaunti. Fanya hivyo kabla ya kutoza. Baadaye pesa huwa zimeshapata wenyewe.

Ushirikishaji wa umma usiwe wa kutia sahihi tu. Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa kasoro hiyohiyo. Na nafasi zilizowekwa kabla ya sheria kuanza ziachwe. Kongamano la Naivasha hulipiwa mapema sana.

Maswali ya wanachama

*Mwenye hoteli, Naivasha:* Tayari kuna VAT 16% na ushuru wa utalii wa taifa 2%. Huu wa tatu tuupige juu ya nini?

Juu ya bei ya kitanda kabla ya kodi zote, na sheria itamke hivyo. Kitanda cha 5,000 kwa 3% ni 150. Uandike mstari wake kwenye risiti; ukiufumbata ndani ya bei, utautoza kodi bila kujua.

*Mwanachama, Kakamega:* Mgeni akikataa kulipa, deni ni la nani?

La hoteli, kwa kuwa ndiyo wakala. Ndiyo sababu ulipwe pamoja na chumba wakati wa kuingia, si asubuhi ya kuondoka.

*Mwakilishi wadi, Kisumu:* Mheshimiwa mwenzangu anapendekeza kizuizi barabarani ili mabasi ya watalii yalipe yakiingia. Venice si inatoza wanaoingia mjini?

Inatoza, siku maalum tu za mwaka. Kwetu kizuizi mpakani kitagongana na kifungu cha 209(5) cha Katiba, kinacholinda usafiri na biashara kati ya kaunti. Toza pale gari linapoegeshwa kwenye eneo la kaunti lenye huduma.

*Mwanachama, Milimani:* Na nyumba zinazokodishwa mtandaoni kupitia Airbnb?

Anza na usajili: kila tangazo liwe na namba ya kaunti. Miji mingi ya ng'ambo imekubaliana na Airbnb ikusanye yenyewe wakati wa malipo. Bila namba, karani atabisha milango na kurudi na hadithi za shemeji aliyekuja kutembea.