Jinsi ya Kupima Makazi Anayoyapendelea Kipozamataza katika Mashamba ya Uingereza

Kumwona ndege mara nyingi katika ngano si ushahidi kwamba anaipendelea, kwani huenda ngano ndiyo iliyotanda kila upande. Mwongozo huu unamfuata kipozamataza (Alauda arvensis), anayetaga mayai ardhini katika mashamba ya nafaka ya mashariki mwa Uingereza.

Hatua ya kwanza: chagua mraba wa kilomita 1 kila upande, upange ndani yake njia mbili sambamba za kilomita 1, kama ufanyavyo utafiti wa taifa wa ndege wanaozaliana ulioanza mwaka 1994. Chora ramani yenye mazao yote, majira yalipopandwa, nyua za vichaka na miti.

Hatua ya pili: pita asubuhi, pasipo mvua wala upepo mkali, mara moja kati ya Aprili na katikati ya Mei, na tena kabla Juni haijaisha. Dume huimba akiwa angani, hivyo andika shamba lililo chini yake.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka na kuharibu kazi nzima: pima kimo cha mazao katika kila ziara. Kipozamataza hustawi penye mimea ya takriban sentimita 20 hadi 50, iliyoachana kiasi cha kumwezesha kutembea na kutafuta wadudu. Ngano iliyopandwa majira ya vuli humfaa mwezi Aprili, lakini ifikapo Juni huwa ndefu na imesongamana, na jike huishia kutaga karibu na njia za trekta, ambako wanyama wawindaji humfikia kwa urahisi. Shayiri iliyopandwa majira ya kuchipua huwa bado fupi wakati huo.

Hatua ya nne: gawanya asilimia ya ndege kwa asilimia ya eneo, kila ziara peke yake. Tuseme ngano ni asilimia 60 ya eneo na ina asilimia 40 ya ndege. Jibu ni 0.67. Shayiri yenye asilimia 10 ya eneo na asilimia 25 ya ndege hutoa 2.5. Jibu linalozidi 1 huashiria upendeleo. Usichanganye spishi: kipozamataza huepuka nyua ndefu, ilhali Emberiza citrinella, ndege mdogo mwenye kichwa cha manjano, huzitegemea.

Jibu la ngano likishuka mwezi Juni, mshauri mkulima aache mabaka yasiyopandwa, kila moja likiwa na angalau mita za mraba 16, mawili kwa hekta, mbali na njia za trekta na angalau mita 50 kutoka ukingo wa shamba.