Umeambiwa una homa ya ini C? Usiishie kwenye jibu la kwanza

Wengi wanajua wakienda kuchangia damu. Mjomba wangu ilikuwa hivyo hivyo, dereva wa malori, kapimwa hapa Mbeya akaambiwa "una C", akarudi nyumbani Uyole kimya kabisa, wiki nzima hali chakula vizuri, na kumbe alichopimwa ni kile kipimo cha haraka tu.

Sasa sikia, kile cha haraka kinaangalia kingamwili, yaani alama kwamba kirusi kiliwahi kuingia mwilini. Karibu watu watatu kati ya kumi mwili unakifukuza wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote. Kwa hiyo omba kipimo cha RNA, ndo kinachosema kama kirusi bado kipo. Ukiambiwa kipimo hicho hakipo hapo, ulizia mashine ya GeneXpert, ile ile ya makohozi ya TB, ina katriji yake ya homa ya ini C, yaani kile kikasha kidogo cha kuwekea sampuli ndani ya mashine, na kama katriji hamna uliza inapatikana hospitali gani, hata kama ni kupanda gari mpaka mjini.

RNA ikisoma kwamba kirusi kipo, mweleze daktari ulikozunguka na ulichomwa sindano wapi. Hapa watu wengi wanabania maneno, na ndo penye kazi. Kirusi C kina aina nane zinazojulikana, kila eneo na zake. Aina ya 4 ndo imejaa Misri na Afrika ya Kati, ya 5 Afrika Kusini, ya 3 iko sana India na Pakistan. Misri ilisambaa sana kupitia sindano za kutibu kichocho zilizorudiwa bila kuchemshwa vizuri. Mjomba alikuwa anapita Tunduma kwenda Zambia mpaka Congo, na huko kote alishachomwa sindano na kupigwa chale, hayo daktari anatakiwa ayasikie.

Utasema dawa za sasa si zinatibu aina zote? Ndiyo, sofosbuvir na velpatasvir, au sofosbuvir na daclatasvir, kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya 95 kati ya 100 wanapona. Lakini kuna vijiaina vya huku kwetu Afrika, mfano 4r, ambavyo Rwanda vilionekana kuwa visumbufu kwa dawa ya ledipasvir na sofosbuvir, wenye 4r zaidi kidogo ya nusu tu ndo walipona. Kwa hiyo ukimaliza dozi na kirusi bado kipo, usikubali kurudishiwa vidonge vile vile kimya kimya, uliza kama aina yako inaweza kupimwa.

Kabla ya kuanza dozi pima na homa ya ini B, maana B iliyolala inaweza kuamka wakati C inatibiwa. Kama uko kwenye dawa za TB zenye rifampicin sema mapema, inaua nguvu ya hizi dawa. Za vidonda vya tumbo kama omeprazole nazo zitaje. Pombe kama ulanzi na komoni weka pembeni kabisa, ini lako limechoka.

Ukimaliza, subiri wiki 12 urudie RNA. Isiposoma kitu, umepona, ila kile kipimo cha haraka kitaendelea kusoma una C miaka na miaka, kwa hiyo tunza karatasi ya RNA. Ya mjomba iko kwenye mfuko wa nailoni pamoja na leseni yake.