Majibu ya altrasaundi ya mfuko wa nyongo
Jamani ukipewa karatasi ya altrasaundi ya mfuko wa nyongo usikimbilie kuogopa, angalia kwanza ukuta wake umeandikwa milimita ngapi, mpaka 3 hivi ni kawaida, ila kama ulikunywa chai ya maziwa na chapati asubuhi yake mfuko unakuwa umeshajikunja na ukuta unaonekana mnene bure tu, ndo maana wanakwambia ufunge masaa 6 hadi 8. Vijiwe bila maumivu mara nyingi vinaachwa tu. Kivimbe cha ndani kikifika milimita 10 ongea na daktari wa upasuaji. Ila homa, macho ya njano na maumivu chini ya mbavu za kulia, hapo we nenda hospitali leoleo.