Jinsi ya kuimudu misingi ya uhusiano mwema katika kozi ya chuo

Mwanafunzi anayejiunga na kozi ya uhusiano mwema (public relations) katika chuo cha Kisumu, Kakamega au Nakuru mara nyingi huja darasani na taswira ya mtu nadhifu anayesimama mbele ya kamera na kusema kwa niaba ya mkubwa wake. Taswira hiyo ina ukweli ndani yake, ila inaichukua kazi kuanzia mwisho. Kabla ya msemaji kufungua kinywa, pana mtu aliyekwisha kuwasikiliza wananchi, akayapanga malalamiko yao, akamweleza mkurugenzi ni jambo gani lirekebishwe, na ndipo akashika kalamu. Ukilielewa hilo tangu muhula wa kwanza, sehemu kubwa ya mtaala itajieleza yenyewe. Usipolielewa, unaweza kuhitimu ukiwa fundi wa kutunga salamu za sikukuu na kuwapiga picha wageni wa heshima.

Shika mpangilio kwanza

Wahadhiri wengi huanza na hatua nne ambazo Mmarekani John Marston alizipanga mwaka wa 1963: utafiti, utendaji, mawasiliano na tathmini. Ni rahisi kuzikariri usiku wa kuamkia mtihani, na kwa sababu hiyo wanafunzi huzipita bila kutambua kwamba mawasiliano yamewekwa katika nafasi ya tatu. Utendaji unatangulia. Shirika lenye kasoro huirekebisha, au angalau huanza kuirekebisha, kisha ndipo hueleza limefanya nini.

Chukua mfano wa kubuni. Kampuni ya maji inapokea malalamiko kutoka Manyatta na Nyalenda, hapa Kisumu, kwamba bili zinapanda ilhali mifereji hukauka siku kadhaa kila wiki. Mwanafunzi mwenye pupa ataanza kwa kubuni kaulimbiu na mabango. Aliyeushika mpangilio atauliza kwanza ni mitaa ipi inayolalamika zaidi, kama wanaolalamika ni wenye nyumba au wapangaji, mita husomwa lini na nani, na kukatika kwa maji hutangazwa kwa njia gani. Atapitia daftari la malalamiko, atazungumza na wasomaji wa mita, na ataketi na wauza maji wa mikokoteni, ambao huenda wakaijua ratiba ya ukavu wa mifereji kuliko ofisi yenyewe. Pengine atagundua kwamba kinachowaudhi watu zaidi si kukosa maji, bali ni kutojua yatarudi lini. Ushauri wake kwa mkurugenzi basi utakuwa wa kiutendaji: iandaliwe ratiba ya mgao ambayo mafundi wanaweza kuifuata, na bili za makadirio ziondolewe. Ratiba hiyo ikishakuwa ya kweli, ndipo itangazwe. Kutangaza ratiba isiyofuatwa ni kubaya kuliko kunyamaza, kwa kuwa sasa wateja wana karatasi ya kukushtakia.

Mfano unaotajwa karibu katika kila darasa ni ule wa mwaka wa 1982, ambapo watu saba katika eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu ya sayanaidi na mtu asiyejulikana. Kampuni ya Johnson & Johnson iliondoa madukani chupa zipatazo milioni 31, kisha ikairejesha dawa hiyo sokoni katika vifungashio vinavyoonyesha kama vimeguswa. Wanafunzi husifu taarifa zake kwa vyombo vya habari, lakini taarifa hizo zilikuwa na uzito kwa sababu chupa zilikuwa zimeondolewa kweli. Unapoulizwa swali hili katika mtihani, anzia hapo.

Historia na nadharia zinahitaji muda mdogo kuliko zinavyopewa, isipokuwa mambo mawili. La kwanza ni Ivy Lee, mwanahabari wa zamani ambaye mwaka wa 1906, baada ya treni ya shirika la reli la Pennsylvania kutumbukia majini karibu na Atlantic City na kuua zaidi ya watu 50, aliwashawishi wakubwa wa reli watoe maelezo yaliyoandikwa na wawapeleke waandishi mahali pa ajali badala ya kuificha. La pili ni mifumo minne iliyoelezwa na James Grunig na Todd Hunt mwaka wa 1984: kutafuta umaarufu kwa kelele, kutoa habari sahihi kwa upande mmoja, kusikiliza ili kushawishi, na kusikiliza kwa nia ya kubadilika pande zote mbili. Vitabu huusifu mfumo wa nne, na unastahili sifa hiyo, lakini usiandike kwamba ndio unaotumika kila mahali. Ofisi nyingi utakazofanyia kazi zimekaa katika wa pili, na baadhi hazijatoka katika wa kwanza. Zoezi zuri ni kukusanya matangazo ya wiki moja kutoka kaunti yako, hospitali, benki na chama cha ushirika, kisha kuyapanga katika mifumo hiyo na kuutetea mpango wako mbele ya wenzako.

Wajue watu kabla ya kuwaandikia

Neno «umma» hudanganya wanaoanza, kwa kuwa hakuna ofisi inayoshughulika na umma mmoja. Shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, lina wafanyakazi wake, vyama vya wafanyakazi, wavuvi na wakazi wanaoyatumia maji ya ziwa hilo, wanunuzi wa Ulaya, serikali ya kaunti na wasimamizi wa mazingira. Jambo moja, tuseme kuchimbwa kwa kisima kipya, linamgusa kila mmoja kwa namna yake. Chora orodha ya makundi hayo, na kando ya kila moja uandike linajua nini kwa sasa, linaogopa nini, linamwamini nani na linapata habari kwa njia ipi. Safu ya tatu, ya anayeaminika, ndiyo inayopuuzwa zaidi. Katika vijiji vingi vya magharibi mwa Kenya, mhudumu wa afya wa kijiji, mchungaji, mwenyekiti wa wahudumu wa bodaboda au mama anayeongoza kikundi cha akiba husikilizwa kuliko ukurasa wa mtandaoni wenye wafuasi maelfu.

Suala la lugha nalo halikwepeki. Redio Ramogi hutangaza kwa Dholuo, Mulembe FM kwa Luhya, na Sulwe FM huwafikia wasemaji wa Lubukusu. Taarifa uliyoiandika kwa Kiingereza kizito itatafsiriwa na mtangazaji akiwa na dakika chache kabla ya habari, na kile alichokielewa ndicho kitakachosikika. Kwa hiyo andika sentensi zinazotafsirika, au bora zaidi, mtafute msemaji wa lugha hiyo aiandae tafsiri mapema na wewe uwepo kumjibu maswali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 yenyewe, inapozungumzia mawasiliano na wananchi, inataja redio za kijamii na mikutano ya hadhara pamoja na njia za kisasa. Baraza la chifu lisikuonekanee jambo la kizamani. Nenda ukaketi nyuma, usikilize maswali yanayoulizwa mara mbili.

Taarifa kwa vyombo vya habari

Hapa ndipo utakapopata au kupoteza alama nyingi, na hapa ndipo mwajiri atakapokupima. Soma kwanza mfano huu: «Kampuni yetu, inayoongoza katika utoaji wa huduma bora, ina furaha kuwafahamisha wateja wake wapendwa kwamba katika juhudi za kuboresha miundombinu kutakuwa na usumbufu mdogo wa huduma.» Mhariri ataitupa taarifa hiyo, au mbaya zaidi, atampigia simu diwani amweleze maana yake.

Sasa ilinganishe na hii: «Wakazi wa Manyatta, Kondele na Migosi hawatapata maji kuanzia Jumanne saa mbili asubuhi hadi Jumatano saa kumi na mbili jioni, wakati mafundi wakibadilisha bomba kuu lililopasuka. Malori ya maji yatasimama katika shule za msingi za mitaa hiyo mara mbili kwa siku, na maji hayo hayatalipiwa.» Aya ya kwanza imeshajibu nani, nini, wapi, lini na kwa nini, na haina hata neno moja la kujisifu. Aya ya pili hueleza chanzo cha hitilafu na gharama, ya tatu hubeba maneno ya afisa anayetajwa kwa jina na cheo, na ya mwisho hutoa nambari ya mtu ambaye kweli atapokea simu siku hiyo. Ukurasa mmoja unatosha.

Maneno ya afisa yanahitaji uangalifu wa pekee. Ni kawaida ofisa wa uhusiano mwema kumwandikia mkurugenzi maneno hayo, lakini ni lazima mkurugenzi ayasome na kuyakubali kabla hayajatoka, tena kwa maandishi. Yape pia kazi ya kufanya: sentensi isemayo «tunawathamini wateja wetu» haiongezi kitu, ilhali sentensi inayoahidi kupunguza bili ya mwezi huo inaongeza. Ukimaliza, isome taarifa nzima kwa sauti. Mahali utakapokosa pumzi ndipo mtangazaji naye atakapokosa.

Kuhusu waandishi wenyewe, kozi nyingi husema ujenge uhusiano nao na kuishia hapo. Wengi wanaoripoti kutoka maeneo yetu ni waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa kila habari inayochapishwa, na mmoja anaweza kuwa na jukumu la kaunti nzima au zaidi. Anayemwalika mwandishi kama huyo kwenye hafla iliyo umbali wa saa mbili anamgharimu nauli na nusu siku. Hapo ndipo desturi ya bahasha, yaani kuwapa waandishi pesa ili waandike, ilipopata mlango. Kwa maoni yangu mstari unaweza kuchorwa wazi: kuwapa waandishi wote usafiri wa gari moja lililotangazwa katika mwaliko si hongo, lakini pesa taslimu mkononi baada ya mkutano ni kununua habari, hata zikiitwa nauli. Wapo wahadhiri watakaokuambia kwamba bila hizo hutachapishwa. Habari inayowahusu watu huchapishwa. Hotuba ya mgeni rasmi ndiyo inayohitaji kusukumwa.

Sheria chache za kujua mapema

Soma Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka wa 2010, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016, inayoitaka taasisi ya umma kujibu ombi ndani ya siku 21, au saa 48 iwapo habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ukifanya kazi katika ofisi ya umma, kusema kwamba huna la kusema huenda kukawa kuvunja sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 nayo inagusa picha unazopiga: picha ya mtoto anayepokea sare ya shule haiendi mtandaoni bila idhini ya mzazi au mlezi, hata kama mfadhili anaisubiri kwa hamu.

Tathmini hufundishwa juma la mwisho, watu wakiwa wamechoka. Usiikubali njia ya kupima ukubwa wa habari gazetini na kusema ingegharimu kiasi fulani kama tangazo la kulipia. Wataalamu waliokutana Barcelona mwaka wa 2010 walikubaliana kwamba kipimo hicho hakionyeshi thamani ya mawasiliano. Katika mfano wetu wa maji, pima kama simu za malalamiko zimepungua siku za mgao, na kama watu wanaoulizwa mitaani wanaweza kuitaja ratiba bila kusaidiwa.

Kuandaa mafunzo ya kazini

Usingoje mwaka wa mwisho kuanza kukusanya kazi zako. Chama cha wataalamu wa uhusiano mwema nchini, kilichoanzishwa mwaka wa 1971, hupokea pia wanafunzi, na mikutano yake ni mahali pazuri pa kusikia nafasi zinapotokea. Lakini nafasi nyingi za mafunzo ya kazini katika miji yetu hupatikana katika hospitali, vyama vya ushirika, kampuni za maji na ofisi za kaunti, ambako huenda hakuna anayejua akupe kazi gani. Nenda na faili lenye vitu vitatu: taarifa moja uliyoiandika na kuihariri, orodha ya makundi yanayoihusu taasisi hiyohiyo unayoiomba nafasi, na ripoti fupi ya utafiti wa malalamiko uliofanya mwenyewe, hata kama ni malalamiko ya wanafunzi kuhusu mkahawa wa chuo. Katika ripoti hiyo futa majina na nambari za simu za waliokujibu, kisha eleza chini ya ukurasa kwamba umezifuta na kwa nini. Msimamizi anayeijua kazi atausoma mstari huo kabla ya kusoma matokeo.