Jinsi ya kuusoma mto Colorado kwenye ramani

Ukitaka kuuelewa mto Colorado wa Marekani usianzie Grand Canyon kama wengi wanavyofanya, anzia juu milima ya Rocky maana maji mengi ni theluji ya huko ikiyeyuka, alafu fuata mstari kwa kidole mpaka Lee Ferry, Arizona. Hapo vuta ramani karibu. Mkataba wa 1922, ule wa majimbo kugawana maji ya mto, ulikata bonde la mto hapohapo, majimbo manne juu, matatu chini, na shida ni kwamba waliouandika walipiga hesabu kwa miaka ya maji mengi, yani waligawana maji ambayo mto hauna! Mexico ikapata mgao wake 1944. Kisha tafuta picha za Lake Mead, nyuma ya bwawa la Hoover, cheki ule mstari mweupe kwenye miamba, maji yalikuwa yanafika pale. Malizia delta, kule Mexico: siku hizi mto kwa kawaida unakauka kabla haujafika baharini.