Kupiga picha astrosaiti huku unarekodi umeme wa nyuroni

Kama umezoea nyuroni (seli za neva), astrosaiti, ile seli ya ubongo inayozihudumia nyuroni, itakuchanganya mwanzoni, unaingiza pipeti (kijibomba chembamba cha kioo chenye elektrodi), unaipa mkondo, na hamna kitu, inakaa tu kwenye kama -80 mV wala haitoi spaiki (mpigo wa umeme) hata moja. Haijafa. Pilika zake nyingi zinaonekana kwenye kalsiamu, na kalsiamu tunaiona kwa mwanga, ndo maana unahitaji vyote viwili: hadubini iangalie astrosaiti, elektrodi isikilize nyuroni za jirani.

Mi napenda kuanzia hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) ya panya, eneo la CA1, maana nyuzi za neva zinazotoka eneo la jirani, CA3, zimelala kwa mpangilio na ni rahisi kuzishtua. Panya awe ameshawekewa GCaMP6f (protini inayowaka kalsiamu ikipanda) kwenye astrosaiti kwa kirusi cha kubebea jeni, AAV, mpe wiki mbili tatu hivi. Kata vipande vya mikroni 300 kwenye maji baridi ya barafu, vipumzishe nyuzijoto 34 nusu saa, kisha saa nzima joto la kawaida la chumba, na ile gesi ya oksijeni 95% na kaboni dayoksaidi 5% isikatike kabisa. Hapa usiharakishe tafadhali, kipande kilichoumia astrosaiti zake zinawakawaka zenyewe na utadhani umegundua jambo.

Elektrodi ya kushtua weka kwenye zile nyuzi, ya kurekodi iweke mbele kidogo, ijaze maji yaleyale ya chemba (kibakuli kinapokaa kipande), ukinzani megaohmu 1 hadi 3. Ongeza mshtuo mpaka jibu lifike nusu ya kiwango chake cha juu, bakia hapo.

Sasa wengi wanataka kupachi (kubandika pipeti kwenye seli na kuifungua ili kurekodi umeme wake) astrosaiti ileile wanayoipiga picha. Inawezekana, ila ukishaifungua, vilivyomo vinaanza kuoshwa na maji ya pipeti, na ukiwa na EGTA (kemikali inayonasa kalsiamu) nyingi mle ndani inameza kalsiamu ileile uliyoijia. Mi naiacha, napachi nyuroni ya pembeni, astrosaiti naipachi mwisho kabisa kuhakikisha tu ni yenyewe: ukinzani mdogo sana, na grafu ya mkondo kwa volteji inatoka mstari ulionyooka. Kuhusu rangi ya SR101, inapaka astrosaiti vizuri sana lakini inaweza kuzichokoza nyuroni, hivyo ipake ukishamaliza kurekodi.

Saa ndo inayoua data za watu. Umeme unachukuliwa mara 10,000 kwa sekunde, picha labda mbili tatu kwa sekunde, nyuroni inajibu ndani ya milisekunde na astrosaiti mara nyingi inakuja sekunde kadhaa baadaye, sasa ukibonyeza start kwa mkono kwenye kompyuta mbili hutajua nani alimtangulia nani. Chukua palsi ya TTL (ishara fupi ya umeme inayotoka kwenye hadubini) ya kila fremu, iingize kwenye chaneli ya mashine inayorekodi umeme, basi.

Kabla hujashtua chochote rekodi dakika 5 za utulivu, leza iwe chini kadiri picha inavyoruhusu. Mwisho mimina TTX (sumu inayozuia spaiki) mikromola 1 urudie mshtuo uleule. Astrosaiti ikinyamaza, ilikuwa inajibu spaiki za nyuroni. Ikiendelea kuwaka baada ya kila mshtuo, rudi kwenye elektrodi yako, huenda unaichoma umeme moja kwa moja.